Pole niliyompa Neema maabarani

Leo nimetoa pole pasipo msiba.

Jirani yangu Neema wa Segerea anasomea fizikia. Shahada yake inategemea utando mwembamba sana wa oksidi ya metali. Kwa kawaida, utando huo hupitisha umeme. Safari hii aliuotesha juu ya fuwele inayouvuta kidogo, kama kitambaa kwenye fremu.

Akawasha kipimo mbele yangu, mimi mwandishi wa habari nikiwa na daftari mkononi. Umeme haukupita.

"Pole, mdogo wangu."

Akapiga vigelegele!

"Pole ya nini, kaka? Elektroni za humu hazipendani. Atomu zikivutwa zikaachana kidogo, kila elektroni inabaki kwenye atomu yake, hairuki kwa jirani. Ndicho nilichokuwa natafuta!"

Nikafuta kichwa cha habari nilichokwisha andika: "Jaribio lashindwa."

Pole yangu kaikataa. Soda niliyomnunulia kumpongeza kaipokea.

Nyie mmewahi kumpa pole mshindi?