Siku Bibi Alipokuja Kunichukua Kariakoo

Jumamosi iliyopita niliwatembeza wageni mjini mpaka visigino vyangu vikaomba likizo. Wageni wenyewe ni binti wa mdogo wangu wa upande wa baba mdogo, mumewe, na mtoto wao wa kiume wa miaka saba, wametoka Moshi kuja kuliona jiji. Na wewe unajua mambo yalivyo: ukiwa mwenyeji wa Bongo, mgeni akisema "tuonyeshe mji" huwezi kumjibu kwamba mji wote uko kwenye simu. Tukaanzia Kivukoni, tukapita Posta, na mwisho nikawaleta Kariakoo, kwenye mtaa niliokulia. Njia nzima nilikuwa nikiwasifia nyumba yetu, mpaka nadhani walitegemea kuona ikulu ndogo. Tulipofika kwenye kona nikanyoosha kidole kwa madaha yote, na kidole kikaishia kwenye ghorofa la vioo lililojaa makava ya simu na mabegi ya shule kutoka chini hadi mawinguni. Palipokuwa na jiko la mama yangu sasa pana lifti.

Nikasema, "Hapa ndipo nilipokula ugali wangu wa kwanza."

Mume wa binti yetu, kijana mwenye adabu sana, akaipiga picha ile lifti.

Nilicheka, wakacheka, lakini mimi nikabaki nimesimama pale pale katikati ya watu kama nguzo ya umeme, nasikia harufu ya vitumbua vilivyoliwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Ngoja nikusimulie, maana wao niliwasimulia haraka haraka kwenye kelele na sidhani kama walisikia hata nusu.

Ile ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa. Ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kila chumba familia yake, na uani bomba moja lililokuwa na habari nyingi kuliko redio. Alfajiri adhana, na kabla haijapoa masikioni zinaanza cherehani za barazani, kisha vikombe vya muuza kahawa vinagongana, kisha wasukuma mikokoteni: "Pisha, pisha, mzigo hauna macho." Sisi tulikuwa Wachaga pekee humo ndani. Mama alipika ndizi, wenzetu walipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi, mtoto mwenye akili kuliko wote duniani, nilikula kote. Chumba cha mbele aliishi mama mwenye nyumba, mwanamke wa Pwani mwenye sauti ya kusimamisha treni. Baba alikuwa na kiduka cha ndoo na mabeseni mtaa wa pili. Mtaa wote ulimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi wa kwetu, na mimi nikawa mtoto wa Mangi. Jina langu la ubatizo lilijulikana na padri peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa hivi Bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka Kilimanjaro, likizo ya mwezi wa sita. Alishuka kwenye basi na kibuyu cha maziwa ya mgando, gunia la ndizi zito kuliko familia yetu nzima na kitanda chetu, na sweta. Sweta la sufu, la kijani, lenye vifungo mpaka shingoni. Mama alimwomba alivue, huku ni joto, Mama. Bibi akajibu kwamba mtu haendi ugenini akavua nguo.

Alikunywa chai, akamaliza, akafuta mdomo, akasema kilichomleta.

"Nimekuja kumchukua huyu mtoto. Soko si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Sokoni kila mtu anaangalia mzigo wake, nani atamwangalia mtoto?"

Huko kwetu bibi akisema mjukuu akakae naye, huo si mjadala. Ni tangazo. Baba, mwanamume niliyemwona akibishana na wateja mpaka wateja wakaomba maji, aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Sawa, Mama," akasema. "Lakini kaa kwanza uone mji."

"Nitauona. Jumatatu tunapanda basi."

Nilimpenda Bibi, usinielewe vibaya. Kwake kulikuwa na maziwa, ukungu, na ng'ombe wawili walionijua. Lakini kulala mbali na mama, na kukosa kashata, na kukosa wale watoto wa uani tuliokuwa tukicheza rede mpaka tunaitwa kwa majina yetu yote? Nililia kwenye kanga ya mama mpaka rangi yake ikachuja. Ndiyo, ikachuja, mama mwenyewe alikuwa akisema.

Baba akatupangia mkakati kama mkuu wa majeshi. Kesho duka litafungwa, duka ambalo hufungwa kwa msiba na Krismasi tu. Tutamwonyesha Bibi mji mzuri: majumba ya Posta, bahari, upepo. Sokoni tutapakwepa kabisa, maana akiiona ile fujo mchana kweupe tumekwisha. Mimi nitavaa gauni la kanisani na soksi nyeupe, na nitafunga mdomo.

Basi asubuhi tukatoka, Bibi na sweta lake mbele, baba anamwelekeza, mama na mimi nyuma. Tulitembea kwa miguu mpaka Posta. Baba akamsimamisha chini ya jengo refu kuliko yote, akangoja mshangao. Bibi aliangalia juu kwa muda mrefu.

"Hao wa juu, kuni wanapandishaje?"

"Ni ofisi, Mama. Hakuna anayepika humo."

"Jumba lote hilo hakuna anayepika?" Akalitazama kwa huruma, kama nyumba iliyofiwa, akaendelea na safari.

Kivukoni ndiko baba alikoweka tumaini lake. Alisema Bibi ni mfanyabiashara, mnada wa samaki utamkosha roho. Alisahau kwamba wazee wetu wa mlimani samaki walikuwa hawamtambui kama chakula. Bibi alipita katikati ya zile kelele ameshika pua kwa pembe ya kitenge, akasimama mbele ya pweza aliyetandazwa mezani.

"Hiki kina miguu minane," akasema, "na hakina goti hata moja."

Muuzaji akacheka mpaka akaegemea meza. "Chukua, Bibi, ukienda nacho kwenu ng'ombe watakuheshimu."

"Ng'ombe wangu wana adabu tayari," akajibu Bibi, akageuka, na kwa mgeuko ule nikajua Posta na bahari vimeshindwa vyote viwili. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Baba alijifuta jasho na leso, kisha na mkono, kisha akaacha.

Hapo ndipo Bibi aliposema, "Sasa nipeleke zinakofika ndizi zangu."

"Ndizi gani, Mama?"

"Miaka yote nawauzia ndizi watu wa malori. Nikiwauliza mnazipeleka wapi, wanasema soko la Kariakoo. Nataka kuona."

Baba akaanza kueleza habari za msongamano, jua, na ubovu wa njia. Alipoinua macho Bibi alikuwa ameshaondoka, anaelekea kwenye kivuko cha Kigamboni kwa kujiamini kabisa. Ilibidi mama amkimbilie amgeuze. Hatukuwa na ujanja tena.

Tulipoukaribia mtaa wa soko nilijikunja nyuma ya mama nikiomba nisionekane. Nilionekana kwenye kona ya kwanza. Muuza nazi, aliyekuwa amekaa juu ya mlima wa nazi zake kama mfalme, akamwona baba kwanza.

"Mangi, leo umefunga duka? Kwani leo Krismasi?" Kisha akaniona mimi. "Na huyu leo kavaa soksi. Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu mjukuu wako, Bibi, juzi nimemkuta kadandia mkokoteni wa viazi. Nikamshusha kwa sikio."

"Sikio lipi?" akauliza Bibi.

"La kushoto."

Bibi akanigeuza kichwa, akalichunguza sikio la kushoto kama daktari. Mimi nilishaiona tiketi ya basi inaandikwa jina langu.

Hatukufika mbali. Fundi cherehani wa barazani, mzee mwenye miwani iliyofungwa na uzi, akasimamisha kazi ili na yeye ashtaki. Kwamba mimi nilitaka kuvuka barabara kuu peke yangu, akanikatalia, nikanuna kwenye benchi lake nusu ya siku. "Ilibidi nimpe maandazi, Bibi, maana hata kununa kunataka nguvu." Baba akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia.

Basi tukashuka kule chini sokoni kwenye ndizi. Wewe uliyewahi kushuka unajua: ubaridi, giza kidogo, na harufu ya vitu vyote vilivyowahi kuota ardhini. Bibi alipoona mikungu ile alisimama. Akainama, akaunusa mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Hizi ni mshare. Zimekatwa kabla ya siku zake," akamwambia mama muuza ndizi. "Na umezilaza vibaya, zinaumizana." Bila kuomba ruhusa akaanza kuzipanga upya, moja ikiangalia mgongo wa mwenzake, kama wanavyopanga kule kwetu.

Nilidhani tutafukuzwa. Mama muuza ndizi alimtazama, akaitazama ile kazi, akasogeza kigoda.

"Bibi, kesho njoo nikuajiri." Halafu akaniona. "Alaa, kumbe ni wa huyu? Huyu kila akipita anataka ndizi mbivu. Na mimi simpi mpaka aniambie darasani wamesoma nini. Kabla ya likizo alinidanganya. Nikamnyima."

Hapo nikaanza kulia waziwazi, na gauni langu la kanisani. Soko zima lilikuwa limekaa mahakamani na shahidi hata mmoja hakuwa wangu. Bibi aliniangalia tu, akanipa pembe ya kitenge nifute kamasi, tukapanda ngazi kurudi nyumbani.

Nikaingia mlangoni nimenuna, nikavitupa viatu ukumbini, nikampita mama mwenye nyumba aliyekuwa akichambua mchele. Ile sauti ya kusimamisha treni ikanisimamisha.

"Wewe. Hivyo viatu unamtupia nani? Na salamu umeziacha huko sokoni? Rudi mlangoni, uingie upya, kama mtoto aliyezaliwa na watu."

Baba aligeuka jiwe. Mama alifunga macho. Mtu asiye wa ukoo anamwamrisha mjukuu mbele ya bibi yake mzaa baba, tena mgeni, tena kwa sauti ile. Kwetu kwa kosa dogo kuliko hilo watu wamewahi kuhama upande wa kanisa wanaokaa. Nikarudi mlangoni, nikaokota viatu, nikaingia upya, nikasema shikamoo.

"Marahaba. Umeona sasa? Kumbe unaweza. Chakula chako kipo, nimekufunikia."

Bibi akamuuliza mama taratibu, "Huyu ni ndugu yenu?"

"Hapana, Mama. Ndiye mwenye nyumba."

"Na yule wa nazi?"

"Jirani tu. Wote ni majirani."

Bibi akavuta kigoda, akaketi karibu na mama mwenye nyumba, akachukua upande mmoja wa ule ungo. Wakachambua mchele wote wawili, mawe huku, mchele kule. Kisha akamsemesha baba bila kuinua kichwa.

"Mimi nilifikiri mtoto huyu hana wa kumwangalia. Leo nimetembea naye, na kila niliyekutana naye ana kesi yake. Kule kwangu ataangaliwa na mimi na ng'ombe wawili, na ng'ombe mmoja haoni vizuri. Mwacheni hapa."

Mama akaingia chumbani haraka. Tulimsikia akipiga vigelegele kwenye mto ili visitoke nje. Vilitoka, nakuambia, mpaka Buguruni walivisikia.

Jumatatu Bibi alipanda basi peke yake, na mama mwenye nyumba alimfungia nazi gunia zima. Tulipata habari baadaye kwamba alipika mtori, ule mchuzi wetu wa ndizi na nyama, kwa tui, akawalisha wanakwaya wote, na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Basi mimi nikakua hapo hapo, nikachungwa na mtaa kama mbuzi mwenye wachungaji mia, na hata nilipokuja kumalizia kidato cha nne kwa masomo ya usiku nikiwa mama wa watoto wawili, kulikuwa na watu barazani wa kuniuliza kwa nini jana sikwenda. Siku hizi ninapokaa tuna geti, tuna mlinzi, tuna kamera inayotazama ngazi usiku na mchana. Kamera hiyo imeshawaona watoto wa jirani wakifanya kila kitu, na haijawahi kumwambia mtu arudi mlangoni aingie upya. Mimi mwenyewe nilimkemea mmoja mwaka jana, mama yake akaniletea ujumbe kwenye simu, mrefu, wenye nukta na mikato yote. Hicho ndicho kitu kilichoondoka, rafiki yangu. Nyumba zinajengwa nyingine. Ile ruhusa ya kumkemea mtoto wa mwenzio na kumfunikia chakula siku hiyo hiyo, sijui waliibomoa lini, sikusikia hata tingatinga likipita.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale kwenye kona, mbele ya ghorofa la vioo, wakati mjukuu wangu mgeni alipomaliza chungwa lake na kulitupa ganda katikati ya njia.

"Wewe mtoto," ikasema sauti nyuma yetu. Mama mmoja anayekaanga mihogo kando ya barabara, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko. "Hapo ndipo jalalani kwenu? Okota. Ndoo ile pale."

Mtoto akaokota. Mama yake akavimba kama kitumbua.

"Mama Mkubwa," akaninong'oneza, "huyu mama unamfahamu?"

"Simfahamu kabisa," nikamwambia, na nikaenda kununua mihogo ya watu wote, yenye pilipili, nikiwa na furaha ambayo mume wake, kijana wa watu, alishindwa kabisa kuielewa.