Orodha ya Watu wa Rweya

Tulihama Kanazi tukaja kukaa rweya, nyasi tupu zilizokuwa za kulishia ng'ombe, huku upande wa Muleba. Kijiji kilikuwa kipya, na kila nikirudi likizo nilikuta kimeongezeka. Nikienda shule naacha safu mbili za nyumba, nikirudi nakuta nne, udongo wa kuta bado mbichi. Lori la serikali linashusha watu, vitanda, mbuzi na mitungi, halafu linageuza kufuata wengine.

Kanazi ukitoka mlangoni unaingia kwenye migomba, mtu hakuoni. Rweya unaonekana tangu ukiwa mbali, na mimi sipendi kuonekana. Rafiki sikuwa naye. Wasichana wa rika langu waliniita "mwalimu", kwa kejeli, kwa sababu ya soksi zangu za shule. Kuna kurasa za daftari langu zimeandikwa tarehe tu na maneno haya: leo sikuongea na mtu.

Baba alikuwa katibu wa kijiji. Watu walimdai dawa, walimu, barabara, na zaidi ya yote maji. Chemchemi ilikuwa chini bondeni. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mimba kubwa, alikuwa akipanda na ndoo kichwani huku miguu imemvimba, na mume wake yupo ziwani anavua. Siku nyingine nilimpokea ndoo.

Siku moja barua ikaja kutoka wilayani. Mabomba yapo ya kijiji kimoja tu: ama chetu ama jirani zetu wa ng'ambo ya bonde. Vijiji vyote viwili vilete orodha ya kila kaya na mahali inapokaa. Chenye wakazi wengi waliokwisha kutulia ndicho kitakachopata.

Baba akaniambia nizunguke niandike.

"Tata, mimi?"

"Kwani humu ndani nani mwingine ana kidato cha tatu?"

Nilizunguka siku tatu. Hodi yangu haikusikika, nikawa nasimama nje mpaka mbwa anitangaze. Walinikaribisha vizuri, wakanipa buni za kutafuna kama wanavyopewa wageni wakubwa. Nikauliza jina, nikauliza watoto, kisha nikauliza wanakaa wapi.

"Andika Kashozi," alisema mzee wa nyumba ya kwanza.

"Lakini mzee, nyumba si hii?"

"Hii? Hiki ni kibanda cha lori. Baba yangu amelala Kashozi, kwenye kibanja chake, chini ya migomba yake. Wewe unataka niseme nakaa kwenye nyasi kama kware?"

Mke wake akacheka. "Mwache binti wa watu. Mwanangu, andika Kashozi uende zako, jua linakuchoma."

Nikaandika Kashozi. Nyumba ya pili wakasema Kanazi. Ya tatu, mtu wa Bumbire, akasema yeye ni wa kisiwani, huku ameletwa tu. Ikawa hivyo safu nzima. Kwetu mtu anakaa pale walipozikwa wazazi wake. Kwingine kote anapita tu.

Niseme kweli. Nilijua wilayani hawakuuliza makaburi. Kubishana na wazee sikuweza, hilo moja. La pili ni kwamba majibu yao yalinifurahisha. Kwa mara ya kwanza nilijua siko peke yangu katika kutojiona mtu wa pale. Nilipofika kwenye kaya yetu sikumwuliza mtu, niliandika Kanazi. Baba akapiga mhuri bila kusoma. Aliuamini mwandiko wangu.

Wiki iliyofuata afisa wa maji akaja na orodha mkononi, akaisoma mkutanoni.

"Kashozi. Kanazi. Kanazi. Bumbire. Kanazi." Akavua miwani. "Ndugu Katibu, kijiji chako kina watu ila hakina wakazi. Nije nifunge mabomba ya wasafiri?"

Watu wakacheka.

"Na wewe mwenyewe naona unakaa Kanazi. Huku unakuja kwa baiskeli?"

Hapo hawakucheka. Baba alinitazama mara moja tu, kisha akasema, "Ni kosa la ofisi." Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa ofisi. Ningeweza kunyoosha mkono. Niliutazama mkono wangu, haukunyooka.

Afisa akatupa muda mpaka kesho saa sita mchana. Wenzetu wa ng'ambo, alisema, walikwisha kuleta yao.

Nyumbani baba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Rudi kwa kila mmoja," alisema. "Mimi nikienda watajibu kwa woga, kesho watakana."

Nikaanza tena kwa mzee wa Kashozi.

"Siwezi, waitu, mwanangu," akasema, na safari hii hakutania. "Nikitia jina langu hapa, kesho wanasema kibanja cha Kashozi hakina mwenyewe, wanakigawa."

Kumbe ndiyo hofu yenyewe, na siku zote tatu sikuwa nimeuliza. Nikasema, tena kwa sauti iliyonishtua, "Mzee, hapa naandika unapokunywa maji. Kibanja chako hakimo kwenye karatasi hii. Soma mwenyewe."

"Sisomi."

"Basi nitakusomea."

Nikamsomea neno kwa neno. Jirani yetu mwenye mimba alikuwa anapita na ndoo, akaitua akasikiliza mpaka mwisho. "Niandike mimi wa kwanza," akasema. "Nakaa hapa. Kibanja cha mume wangu ni kizuri sana, lakini hakijawahi kunitekea maji."

"Mwanamke huyu!" mzee akasema, akafuta midomo. "Haya, andika hapa. Ila uandike kwa penseli."

Niliandika kwa wino, naye hakujua. Nilizunguka na yule mama mpaka jioni, yeye akibisha hodi, mimi nikisoma. Asubuhi baba alisoma kila mstari kabla ya mhuri. Kwetu niliandika: hapa.

Kijiji chetu ndicho kilichopata; mabomba yalifungwa nikiwa shuleni. Baba aliniandikia kwamba maji yametoka, yule mama amejifungua salama, na mzee wa Kashozi hushinda bombani akipanga foleni. Nilisoma barua kitandani. Msichana mgeni wa kitanda cha pili akaona bahasha, akaniuliza kwetu ni wapi.

Nikamjibu Kanazi. Nikaikunja barua ikawa ndogo sana, asione ilikotoka, nikageukia ukutani.