Nyumba Niliyoipima Nsemulwa

Niliporudi Mpanda nilikuwa na vitu vitatu ambavyo sikuondoka navyo: diploma ya ujenzi, sanduku la vifaa vya kazi na akiba ya kununulia nyumba. Hakuna aliyenisaidia kuvipata. Niliondoka kijijini kwetu Mishamo nimepakiwa kwenye baiskeli ya mtu aliyekuwa anapeleka maharage sokoni. Dar es Salaam nilibeba zege mchana na kusoma jioni, kwa miaka mingi kuliko waliokaa darasani kwa pesa za wazazi, na mwisho nikasimamia majengo ya ghorofa Dodoma. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika hapo. Nalisema kwa sababu ni kweli, na atakayesoma habari za nyumba hii anapaswa kujua ni nani aliyeikagua.

Nyumba nilikuwa naitafutia mama. Mama ana presha, na kila mwezi anatakiwa kliniki mjini Mpanda. Masika yaliyopita gari lilikwama njiani mara mbili akakosa kliniki, na mara ya pili dawa zilimwishia. Alianguka kwenye shamba la maharage, majirani wakamrudisha nyumbani kwa baiskeli, wawili wakimshikilia asidondoke. Nilipopata habari nilimaliza jengo nililokuwa nalo, nikaacha kazi Dodoma. Nilijipa muda hadi mvua za kwanza awe amehamia mjini. Mwezi ulikuwa wa tisa.

Nyumba ya Nsemulwa, hapa mjini Mpanda, nilionyeshwa na dereva wa bodaboda ambaye pia ni dalali, kama walivyo wengi mjini hapa. Ilikuwa ya vyumba vinne, ndogo, ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, plasta imebanduka kwenye kona zote. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, aliyewahi kushona nguo sokoni. Alikuwa anauza ili akaishi kwa binti yake Sumbawanga. Umbali wa kwenda hospitali kwa miguu ni kama dakika ishirini. Hilo lilinitosha kufungua sanduku langu.

Niliikagua nyumba ile kwa siku nzima. Nilishusha timazi kwenye kila kona. Niliweka pima maji kwenye madirisha. Niligonga kuta kwa nyundo nikasikiliza wapi plasta imeachana na tofali. Nilipanda darini na tochi nikachoma kila kenchi kwa bisibisi, nikakuta mbili zimeliwa na mchwa na nyingine ni nzima. Nilichokonoa katikati ya matofali nikathibitisha kwamba yalishikwa kwa udongo, si kwa saruji, jambo la kawaida kwa nyumba za umri ule. Yote niliyaandika. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa bati, anatazama.

"Injinia," dalali akasema, "hii nyumba unainunua au unaifanyia oparesheni?"

"Wewe nunua bodaboda yako bila kuikagua," nikamjibu.

"Mimi yangu naijua inapougulia."

Kasoro kubwa ilikuwa ufa mmoja. Ulishuka toka kwenye bati hadi karibu na sakafu, mahali vyumba viwili vya nyuma vilipoungana na viwili vya mbele. Juu kiganja kiliingia, chini haukupitisha hata ncha ya kalamu. Niliutambua mara moja. Vyumba vya nyuma viliongezwa baadaye na fundi hakuyaingiza matofali mapya kwenye ukuta wa zamani. Nimeyaona hayo mara nyingi. Niliandika: kushona ufa kwa nondo na saruji, kubadilisha kenchi mbili, bati jipya, plasta yote. Nikamwambia mzee nitarudi na jibu. Moyoni nilishanunua.

Sikukusudia kumwonyesha mama kabla sijaitengeneza. Lakini wiki ile ilikuwa ya kliniki, na alipotoka hospitali nikaona si vibaya tukipita. Alishuka kwenye bodaboda taratibu, akamsalimia mzee, wakaulizana habari za mashamba na za wajukuu. Kisha badala ya kuingia ndani alianza kuizunguka nyumba kwa nje. Aliokota kipande cha tofali, akakisugua kwa kidole gumba, akachota udongo wa uani akauweka kando yake. Rangi ilikuwa moja.

"Shimo liko wapi?" akauliza.

"Choo kiko kule kwenye kona, mama."

"Sijauliza choo. Shimo la tofali. Tofali hizi hazikutoka mbali, baba. Zimetoka hapa hapa. Wapi walichimba?"

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mishamo kila nyumba ya matofali ya kuchoma ina shimo lake nyuma. Watu huchimba udongo kwenye kiwanja chao wenyewe, hufyatua, hupanga tanuri, huchoma, hujenga. Shimo hubaki. Wengine hupanda migomba humo, wengine hutupa taka. Mama mwenyewe alibeba maji ya kukandia udongo wa nyumba yetu akiwa na mimba ya mdogo wangu, na mimi nilikulia kando ya shimo lile nikikatazwa kulisogelea. Lakini kule nilikofanyia kazi tofali huja na lori, na nilikuwa nimepima majengo miaka mingi bila kuwa na sababu ya kuuliza udongo umetoka wapi.

Nilitazama uani. Kiwanja kilikuwa tambarare kila upande. Kila mahali palipobaki wazi palikuwa pakavu na pagumu.

"Mzee," nikasema, "shimo la tofali lilikuwa wapi?"

Mzee hakusita. Alinyoosha mkono kuelekea vyumba vya nyuma. "Pale. Watoto walipozidi, kiwanja kikawa kidogo, tukalifukia tukajenga juu yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe uliniuliza ramani. Wanaokuja kununua huku huuliza shimo kwanza, hata kabla ya kukaa. Nikajua wewe una njia yako ya kulijua, na vyuma vyote vile."

Dalali alicheka hadi akashika usukani wa pikipiki. "Kumbe diploma inapanda darini tu, chini haishuki."

Nilimwomba mzee jembe. Nilichimba kwenye kona ya nyuma, pembeni mwa msingi. Baada ya kina cha mkono mmoja udongo uliisha, yakaanza kutoka majivu, magunzi ya mahindi, vipande vya chungu, soli ya kandambili. Msingi wa vyumba vile ulikuwa umekaa juu ya jalala. Ufa haukuwa wa kuunganishwa vibaya. Nusu ya nyuma ya nyumba ilikuwa inainama taratibu kila masika, inajitenga na ya mbele, na ndiyo maana ufa ulikuwa mpana juu. Nondo zangu na saruji yangu vingevutwa nayo. Kosa lilikuwa langu na nililiona; fundi mwingine asingeliona hata baada ya kuonyeshwa jembe.

"Kina chake?" mama akamuuliza mzee.

"Mtu mzima akisimama ndani, kichwa hakionekani."

"Na mbele?"

"Mbele hapakuguswa. Vile viwili nilivijenga nikiwa na nguvu zangu."

Nilianza kufunga sanduku. Nilimwambia mama kwamba tutatafuta nyingine, kwamba mjini nyumba haziishi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshazunguka wiki tatu, na zilizokuwa karibu na hospitali ama hazikuuzwa ama zilikuwa na kesi za warithi. Mama alikuwa ameingia vyumba vya mbele. Nilimkuta amesimama katikati, anakanyaga sakafu kwa kisigino, huku na huku.

"Hapa ni pagumu," akasema. "Chukua hivi."

"Mama, siwezi kukununulia nyumba ya vyumba viwili. Mishamo una viwili. Watu watasema nimerudi na nini?"

"Mwana wanje, mwanangu, nina mwili mmoja. Nyumba unaninunulia mimi, au unawanunulia hao watu?"

Nilitoka nikamwambia mzee kwamba nitachukua vya mbele, bei ya vyumba viwili na kiwanja. Alivitazama vyumba vya nyuma.

"Sawa. Vya nyuma sikuuzii. Nakupa."

"Kakupa ukabomoe mwenyewe," dalali akasema.

Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nilibomoa vyumba vya nyuma kwa mikono yangu na vibarua wawili, na tofali nzima zilizotoka nilizitumia kuimarisha kona za mbele na kujenga jiko dogo mahali nilipopima udongo kwa jembe kwanza. Bati na plasta vilikamilika wiki moja kabla ya wingu la kwanza. Ni kazi nzuri. Mafundi wa mtaa ule huja kuitazama, nami huwaeleza.

Mama alihamia na godoro, kuku wanne na gunia la maharage. Mwezi uliofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na magari ya Mishamo hayakuweza kufika mjini. Siku ya kliniki alifunga kanga kichwani, akachukua kadi yake, akaenda kwa miguu. Alirudi kabla ya saa nne. Nilishangaa kumwona mapema hivyo.

"Foleni ilikuwa fupi," akasema, akivua viatu vyenye matope mlangoni. "Watu wa mbali hawakufika."