Mwanafunzi Wangu wa Kwanza

Sisi tuliokulia mtaa wa Noonkopir kabla Kitengela haijajaa maghorofa tunajua kwamba mvua ikinyesha, mtoto alitoka nyumbani akiwa mfupi na kufika shuleni akiwa mrefu. Ule udongo mweusi ulishika viatu, ukajipanga tabaka juu ya tabaka, hadi mtu akawa anatembea kama amepanda kigoda. Kila mmoja alikuwa na kijiti chake cha kukwangua matope. Aliyesahau kijiti alivua viatu na kuvibeba kichwani, na hakuna mzazi aliyekuja shuleni kulalamika.

Miaka ile ya tisini, punda milia walipita nyuma ya vyoo vya shule kama wapangaji wenzetu. Wasichana tuliruka blada ya mpira wa tyubu kuukuu hadi magoti yakawa na ramani. Wavulana walicheza bano, zile gololi za kioo, na kugombana, kisha kabla kengele haijalia walikuwa wamepatana. Mtoto wa leo ukimzimia waifai dakika kumi anauliza kama nchi imepata shida. Sisi tulishinda nje siku nzima, na shida yetu ilikuwa moja tu: jua kuzama mapema.

Mimi nilikuwa na shida ya pili, ila niliificha vizuri.

Tulikuwa tumetoka Bungoma nikiwa darasa la pili, kwa sababu baba alipata kazi ya kutengeneza pampu za visima huko Oltepesi, kwenye barabara ya kwenda Magadi. Yeye alilala huko kazini na kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili au tatu. Kule Bungoma nilikuwa nimefundishwa kwa Kibukusu. Hapa nikakuta Kiswahili na Kiingereza, na wenzangu wameshafika mbali. Nilijifunza kuongea haraka, kwa sababu mchezo hauna mkalimani. Lakini kusoma sikujua. Herufi nilizijua moja moja, kama unavyowajua watu kwa sura. Zikikaa pamoja, zilinigeuka.

Aliyeniokoa ni Sopiato, msichana wa Kimaasai tuliyekaa naye dawati moja. Yeye alisoma kama maji. Alinipa maziwa lala ya kibuyu yenye harufu ya moshi, mimi nikampa viazi vitamu vya kwetu, na zamu yangu ya kusoma ilipokaribia, alininong'oneza ukurasa mzima. Nilikuwa na kichwa cha kushika maneno. Nilisimama, nikaweka macho kitabuni, nikayatamka yote kwa sauti ya kujiamini. Mwalimu wetu, Mwalimu Nashipae, alikuwa na darasa lililojaa hadi dirishani. Alisema, "Vizuri sana, Nafula. Keti."

Mama alijivunia sana. Yeye hakusoma hata siku moja. Nyumbani kwao walikuwa wasichana sita, na ada ilipatikana ya mjomba peke yake, kwa kuwa ndiye mvulana. Kwa hivyo mama alikuwa akiwaambia majirani pale kwenye bomba la maji, "Mimi niko na msomi wangu. Sina haja ya kusumbua mtu."

Nikiwa darasa la tatu, barua ilifika kutoka kwa mjomba. Mama alijifuta mikono kwenye leso, akakaa kwenye kigoda, akaninyooshea bahasha.

"Haya, mama, nisomee."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, kukhu Nafula, yaani bibi yangu. Nikaifungua ile karatasi. Mistari ilijaa pande zote mbili. Sopiato hakuwepo. Ningeweza kusema ukweli, na mpaka leo sijui kwa nini sikuusema. Niliona jinsi mama alivyokuwa ameinamisha kichwa kusikiliza, nikakosa moyo wa kumkatiza. Nikaanza.

"Hamjambo huko. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri. Kukhu anawasalimu sana. Ng'ombe amezaa."

Mama akapiga makofi. "Amezaa! Ndama dume au jike?"

Nikarudi kwenye karatasi, nikatafuta kwa macho. "Jike," nikasema.

Alicheka kwa furaha. Siku zilizofuata alimwambia kila jirani habari za yule ndama. Mimi nilikula chakula bila kukisikia ladha, lakini nikajiambia kwamba uongo wenyewe ni wa kheri, hauna utakayemuumiza.

Baada ya wiki mbili baba akaja, Jumamosi mchana, na vumbi la Oltepesi kwenye nyusi. Kabla hajanywa chai mama akampa ile barua. "Soma mwenyewe, Baba Nafula. Ng'ombe wa kwetu amezaa."

Baba akasoma. Akageuza, akasoma upande wa pili. Akaiweka magotini.

"Nani alikusomea hii barua?"

"Si ni huyu mtoto."

Akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Nafula, njoo. Nionyeshe hapo kwa ndama."

Nilisimama mbele yake, nikaiangalia karatasi, na machozi yakaanza kuidondokea kabla sijafungua mdomo. Barua ilisema kukhu ni mgonjwa sana, halali, kila siku anauliza binti yake wa Kitengela atafika lini.

Mama hakulia. Aliingia ndani, akatoka na mkoba, akaondoka alasiri ile ile. Baba aliomba ruhusa kazini, akabaki nami. Alinipikia ugali, akanifulia sare, hakunigusia habari ile hata mara moja. Afadhali angenichapa.

Mama alirudi baada ya siku nyingi, amenyolewa nywele kama desturi yetu ilivyo baada ya mazishi. Alimkuta kukhu yuko hai, lakini ulimi ulikuwa umeshafungika. Walishikana mikono siku tatu. Kukhu alikuwa akimminya vidole kana kwamba ana neno, na mama hakujua ni neno gani, na hatajua.

Nilimngojea aniite. Akaniita.

"Mama, kwani hujui kusoma?"

"Sijui."

Alivunja vijiti vya kuwashia jiko. Kisha akasema, "Hata mimi sijui. Sasa nitakuchapa nikisema nini?"

Kesho yake alinishika mkono hadi shuleni. Mwalimu Nashipae alitoka mlangoni. Niliinamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini, kama wazee wa Kimaasai wanavyosalimia watoto. Mama akaeleza yote bila kunificha na bila kujificha mwenyewe. Nilitegemea Mwalimu anikasirikie. Badala yake alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Mama Nafula, kosa ni langu. Mimi ndiye nilikuwa nasema vizuri sana."

Baadaye akafanya jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote. Alinipa daftari moja na vipande viwili vya chaki. Akasema kila siku wakati wa chakula cha mchana nitakaa naye, anifundishe silabi tano. Na kila jioni nitaenda nyumbani, nimfundishe mtu mwingine.

"Nani, mwalimu?"

"Mamako. Na asipojua kesho yake, nitakuuliza wewe, si yeye."

Ndivyo nilivyoanza kazi hii ya ualimu, nikiwa na miaka tisa, ubao wangu ukiwa mlango wa mabati. Saa kumi na moja jioni mama alikaa kizingitini akichambua kunde, mimi nikaandika ba, be, bi, bo, bu. Upepo wa mbugani ulijaza macho vumbi. Majirani wakipita walicheka kidogo, halafu wakazoea. Sopiato alipita kuangalia kama mkaguzi, akasema mwalimu huyu anaandika kama kuku, akasaidia.

Niligundua kitu cha ajabu. Silabi ambayo sikuielewa darasani, nilipolazimika kumweleza mama, ilinifungukia mimi kwanza. Siwezi kusema ni nani aliyekuwa akimvuta mwenzake.

Lakini siku moja mama aliandika *fitunguu*, kama sisi watu wa magharibi tunavyotamka, nami nikacheka. Nilicheka sana, kama mtoto. Mama akaweka chaki chini, akasema ana kazi jikoni. Kesho yake pia alikuwa na kazi. Keshokutwa, kazi. Nikamwendea Mwalimu Nashipae na kumwambia mwanafunzi wangu amekuwa mvivu. Aliuliza maswali mawili tu, akajua.

"Mwanafunzi ukimcheka, umefunga shule," akaniambia. "Enda uifungue."

Nilienda jikoni nikamwomba mama msamaha. Alinisikiliza akisonga ugali, kisha akauliza, "Hiyo *v* inaandikwaje?"

Ilituchukua karibu mwaka. Mimi nilipofika darasa la nne nilikuwa nasoma bila kunong'onezwa, na mama akaandika barua yake ya kwanza kwa mjomba. Ilikuwa na mistari mitano. Ilianza hivi: "Ndugu yangu, ni mimi dada yako. Hii naandika na mkono yangu." Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ninajua kalamu nyekundu ingepita wapi kwenye sentensi hiyo. Yangu isingepita.

Nilipomaliza sekondari, miaka ya elfu mbili, alama zangu zilinifungulia njia kadhaa. Baba alitaka nisomee mambo ya kompyuta. "Ualimu?" akasema. "Kazi ya kumeza chaki?"

Mama hakuinua macho kutoka kwa sufuria. "Wacha mtoto, Baba Nafula. Hiyo kazi ameshaifanya."

Nikaenda chuo cha ualimu, kisha nikapewa shule upande wa Kajiado, ambako watoto wengine hutembea asubuhi yote kufika. Darasa langu nalo limejaa hadi dirishani. Mtoto akisoma bila kukosea, akiwa na sauti ya kujiamini mno, mimi humpa ukurasa mwingine, polepole, tukiwa wawili, mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Nimewapata wengi. Kila ninapompata mmoja, huwa nina furaha na huzuni kwa pamoja.

Mambo yamebadilika, sikatai. Siku hizi hakuna anayeandika barua. Mtu akiugua Bungoma, sauti yake inakufikia kwenye simu kabla hajameza dawa, na kwa hilo namshukuru Mungu. Watoto wetu wanazaliwa wakijua kubonyeza. Lakini mwanangu wa kidato cha pili humwandikia mama yangu "xaxa" badala ya "sasa", na bibi yake humrudishia ujumbe: "Kiswahili hakina x. Andika tena." Kijana anasema bibi ni mkali kuliko walimu wake wote.

Nyika tuliyochezea imeuzwa vipande vipande na kuzungushiwa kuta, na punda milia sijui walihamia wapi. Wanangu wana vitabu vya rangi, kila mmoja na chake, na wanasoma kila mtu chumbani mwake na mlango umefungwa. Wanasoma vizuri kuliko nilivyosoma. Ila sijawahi kusikia mmoja akimfundisha mwingine, na nyumba huwa kimya hadi naitamani ile kelele ya kupiga chaki kwenye mabati.

Jumamosi nikipata nafasi naenda Noonkopir. Mama bado anaishi pale pale, sasa ana miwani. Akishanipa chai huchukua gazeti na kunisomea kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza, siasa, mifugo, hadi matangazo ya vifo, akifuata mstari kwa kidole. Mimi hujilaza kwenye kochi nimefumba macho. Gazeti lenyewe nakuwa nimeshalisoma asubuhi. Simwambii.