Sindano ya Uchungu

Niliogopa. Wacha niseme mapema, maana watu wa ploti yetu hapa mtaani Lucky Summer hudai nina roho ngumu. Asubuhi ile roho yangu ilikuwa maji.

Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, zizini nyuma ya nyumba, na maziwa yake ndiyo yaliyotulisha. Uchungu ulimshika alfajiri, chupa ya uzazi ikapasuka, kisha kimya. Hasukumi. Na sisi tena, ng'ombe akizaa ni mkutano: kina mama na leso zao, watoto juu ya ukuta, wengine wanapiga picha na simu. Kila mtu daktari!

Mama mkwe akanitia sindano mkononi, dawa tayari ndani, kainunua duka la dawa za mifugo. "Mdunge, mwanangu. Hii inaleta uchungu. Unangoja afe?"

Nikampigia daktari wa mifugo, nikamweleza habari ya sindano.

"Usithubutu!" akafoka. "Hiyo dawa ni homoni, na ubongo wake unaitoa wenyewe. Ndama akisukuma mlango wa uzazi, ubongo unapata habari, unaiachilia, tumbo linakaza. Kama ndama amekaa vibaya, ukimdunga utapasua mji wa mimba. Na ng'ombe akiwa na hofu, ubongo unaifunga. Fukuza watu. Nakuja."

Niliwafukuza wote. Akabaki mama mkwe.

"Mama, toka hata wewe."

Alinitazama, akatoka. Mungu wangu! Nikajua ng'ombe akifa, hata nyumba sina.

Tukabaki wawili, mimi na ng'ombe. Kila alipokoroma nilitamani kumdunga, yaishe. Nilimsugua shingo, nikajilazimisha kupumua polepole ili asinuse hofu yangu. Sijui kama ng'ombe hunusa hofu. Niliogopa tu.

Daktari akaja, akavua shati, akaingiza mkono. "Mguu umekunjika nyuma." Akaunyoosha, akautoa mkono, akangoja. Hakumdunga chochote. Punde tumbo likakaza lenyewe, likakaza tena, ndama akateleza hadi kwenye nyasi.

Nilimkuta mama mkwe langoni na ufagio, anawazuia majirani.

"Amekufa?" akauliza.

"Amezaa, mama. Mguu wa ndama ulikuwa umekunjika; tungemdunga, mji wa mimba ungepasuka."

Sindano bado ilikuwa mkononi mwangu. Akaichukua, akaimwaga dawa yote mtaroni, kisha akaketi palepale chini.

"Ningemuua," akasema. "Mwanangu, ningemuua kwa mkono wako."