Kaburi Nyuma ya Migomba

Ipo siku moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu. Umeniambia unakaribia kusajiliwa kuwa mthamini, basi kaa nikusimulie, ijapokuwa aibu yake haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa binti kama wewe, najifunza kazi chini ya mthamini mkuu, Mzee Salehe, mtu wa Tanga, mpole lakini hapendi mzaha kazini. Miaka ile wakimbizi walikuwa wakimiminika kutoka Burundi, na aliyeshukiwa kuwa Mrundi alijikuta kambini. Mimi mwenyewe niliingia Ujiji nikiwa mgongoni mwa mama. Hilo sikumwambia mtu. Kazini nilijidai Mmanyema, Kirundi sijui hata salamu. Na mgeni akipiga hodi kwetu Gungu, nilimwomba mama aingie chumbani akae kimya, lafudhi yake isitusaliti. Mama mzazi! Usinitazame hivyo. Nilimwomba, naye akakubali.

Basi barabara ikawa inapanuliwa Buzebazeba, tukaenda kuthamini nyumba zitakazobomolewa ili wenyewe walipwe fidia. Mimi nashika utepe wa kupimia, mzee anaandika, kisha mwenye nyumba anasimama mlangoni na kibao chenye namba yake, anapigwa picha. Tukafika kwa Mama Yozefina, mjane aliyekimbia kutoka Burundi zamani, na kibali cha kukaa mjini alikuwa nacho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kupatana bei ya dagaa. Mwenyekiti wa mtaa, aliyejua Kirundi, alikuwa ametangulia kwa jirani. Picha ilipokwisha, yule mama alinishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye migomba, penye mawe matatu yaliyokaa pamoja. Akasema nami kwa Kirundi.

"Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu, "hapa amelala kichanga changu. Mwambie mkubwa wako. Nyumba wabomoe, lakini mtoto ahamishwe kwanza."

Nilielewa kila neno. Nikayatazama yale mawe, naye akaona nimeyatazama.

"Anasemaje huyo mama?" Mzee Salehe akauliza kutoka uani.

"Sijui, mzee. Nadhani anaulizia migomba yake."

"Migomba tumeshaihesabu yote. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Nikamgeukia. "Usiwe na wasiwasi, mama," nikasema kwa Kiswahili. Maneno hayo aliyajua. Akanishukuru, akaniombea kwa Mungu, akauachia mkono wangu.

Kaburi huandikwa, mwanangu, wewe umesomea hayo. Huandikwa ili marehemu ahamishwe kwa heshima kabla ya mashine kufika. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo tele. Kila asubuhi nilijiapiza kwamba leo nasema, nikifika ofisini nafyata ulimi. Niliogopa kuulizwa nimejuaje.

Greda likapita.

Mama Yozefina alikuja ofisini na udongo wa pale kaburini ameufunga kwenye kitenge. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Mwana wanje, wewe ulinisikia." Basi. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa Kirundi, na ofisi nzima ikajua mimi ni mtoto wa nani.

Mzee Salehe aliniita pembeni. Nilidhani atanifukuza kwa sababu ya asili yangu.

"Kwenu sijakuuliza," alisema. "Ungeniambia unaogopa, ningemwita mwenyekiti atafsiri, yangekwisha. Lakini umeniacha nitie saini kwamba pale hapana mtu."

Akakataa kuthibitisha mafunzo yangu. Leseni niliyokuwa naiona mlangoni ikarudi mbali. Simlaumu hata kidogo.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Hakunigombeza. Alijifunga kitenge akasema twende, tukatoka mchana kweupe, yeye akiamkia watu njia nzima kwa Kirundi chake, kwa sauti, nami nyuma yake nalia. Tuliuzika ule udongo pamoja na Mama Yozefina, pale alipohamia. Wao walisali. Mimi nilishika jembe, kwa kuwa sikuthubutu kufungua mdomo mbele ya Mungu. Baadaye niliomba uraia waziwazi, na leseni ikaja wenzangu wakiwa wameshanipita mbali.

Basi sikia. Ukifika kwa mtu, kabla hujavuta utepe, muulize hapa pana nini ambacho macho yako hayakioni. Kama mtu huyo hajui Kiswahili, mtafute anayemwelewa, na kama anayemwelewa ni wewe, sema, hata kama kusema kutakugharimu kazi. Hofu ni yako, usimtwishe mwingine. Na mama yako usimfiche chumbani, kwa leseni yoyote ile.

Mungu akunyooshee mkono, saini yako isimlize mjane, na kila mlango utakaopiga hodi, wenyewe wakuombee heri uliyoistahili, si kama mimi niliyeombewa nikiwa nadanganya. Haya, nenda kazini, mwana wanje.