Vidole Chini ya Taulo

Harufu ya spiriti na ya mashine za kunyolea zilizopata moto ndiyo iliyotuambia, kule mtaa wa Bertrams, Johannesburg, kwamba leo ni Jumamosi. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa na saluni chumba cha mbele, na foleni yake ilikaribia kufika Newtown, upande wa pili wa jiji, wala sitii chumvi sana. Wateja walisogeza muda kwa chemsha bongo. Papa Didier, Mkongo mwenye santuri nyingi kuliko sahani, aliuliza habari za wanamuziki wa jazi wa mwanzo mwanzo. Bwana Njoroge, Mkenya wa benki, alishika marais wa Marekani: yupi aliapishwa kwenye baridi akafa baada ya mwezi mmoja tu, yupi alitoka Ikulu akashindwa kutulia mpaka akagombea tena na kurudi. Sharti lilikuwa moja: ukichomeka Kiingereza au Kizulu, jibu limekufa.

Mwaka ule sharti likanigeukia. Baba alikuwa amechoka kuniuliza kwa Kiswahili nikamjibu kwa Kizulu, akatangaza mbele ya wateja wote: nikishinda hata Jumamosi moja kabla shule hazijafungwa, nabaki, nisiposhinda, nakwenda kuishi na bibi Tanga. Basi sikutulia. Nilizunguka sebuleni nikikariri marais hadi mama akasema nitatoboa sakafu.

Jumamosi ya mwisho tulibaki wawili, mimi na Bwana Njoroge, swali likiwa la Papa Didier. “Mutoto, ule muntu wa tarumbeta wa New Orleans, alifanya nini wenzake wasimwibie mutindo?” Jibu nililijua tangu tumboni. Neno la Kiswahili, leso, ndilo sikuwa nalo, na la Kiingereza lilikuwa limenijaa mdomoni. Nikanyakua taulo shingoni mwa mteja, nikaufunika mkono, vidole vikicheza chini yake kama vinabonyeza tarumbeta bila kuonekana.

“Amejibu,” akasema Papa Didier. “Kizulu hakuna, Kiingereza hakuna.”

“Na Kiswahili pia hakuna, mzee. Huyu ametuonyesha sinema,” akadakia Bwana Njoroge.

Wote wakamgeukia baba. Akachukua taulo, akalikung’uta taratibu. “Bibi yako atafurahi,” akasema.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi kutoka Tanga na Kiswahili cha kutosha kuogesha Johannesburg nzima. Lakini Papa Didier alikuwa amehamia Rosettenville, mbali kusini mwa jiji, Bwana Njoroge amerudi kwao, na saluni imefungwa. Siku hizi wanangu huuliza simu, ikawajibu hata swali halijaisha. Mimi nikiwauliza kwa Kiswahili, hunijibu kwa Kizulu bila kuinua macho. Nasimama, nakaa, nasimama tena. Ningewatishia Tanga, lakini bibi wa kuwapokea hayupo.